Kalamu Kwanza: Kishikwambi cha Mwanafunzi wa Udaktari wa Mifugo

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Nairobi

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kubaki baada ya kipindi cha mwisho, nami najua matatu za kwenda mjini zimeanza kujaa. Kila muhula unapoanza naulizwa swali moja na wanafunzi, na siku hizi hata na wazazi: "Daktari, tununue kishikwambi gani?" Leo nitalijibu kwa kirefu. Fedha zinazotumika hapa ni za mzazi aliyejinyima, au ni za mkopo utakaoulipa wewe mwenyewe ukishaanza kazi, kwa hiyo swali hili halistahili jibu la haraka la mlangoni.

Kabla ya kutaja mashine yoyote, tuangalie mnachokwenda kuandika. Shahada hii ni ya miaka 5. Mtaanza na anatomia, fiziolojia na histolojia, yaani somo la tishu chini ya darubini, kisha zije parasitolojia, patholojia, famakolojia na hatimaye kliniki. Chukueni mguu wa mbele peke yake. Mbwa hukanyaga kwa vidole. Ng'ombe husimama juu ya vidole viwili, cha tatu na cha nne, na mifupa mirefu iliyo juu ya vidole hivyo imeungana ikawa mmoja. Farasi amebaki na kidole cha tatu tu, na uzito wote wa upande huo unashukia ukwato mmoja. Huku juu, bega ni lilelile na humerasi, mfupa ulio chini ya bega, ni ileile. Redio na ulna, mifupa miwili inayofuata chini yake, wote wanazo, ila ulna ya farasi imesinyaa na kushikamana na redio.

Sasa mhadhiri akimaliza mbwa wiki hii, wiki ijayo anaingia kwa ng'ombe. Mwenye daftari atachora mguu mzima upya. Mwenye kishikwambi atauzungushia mstari mchoro wa mbwa, ataunakili, ataubandika kwenye ukurasa mpya, atafuta vidole visivyohitajika, kisha atachora vya ng'ombe kwa wino mwekundu. Wino ule mwekundu ndio mtihani wenyewe! Mtaulizwa tofauti: kwa nini farasi hana kibofu cha nyongo ilhali ng'ombe anacho, kwa nini kuku ana gole na firigisi, kwa nini ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Kuchora mara moja na kubadilisha mara nyingi ni kazi ambayo karatasi haiiwezi vizuri, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kununua kifaa hiki.

Ongezeni mfano wa kliniki. Tumbo la nne la ng'ombe, abomasamu, huweza kujaa gesi baada ya kuzaa, likapanda na kukwama upande wa kushoto, kati ya rumeni, lile tumbo la kwanza, na ukuta wa tumbo. Ukiweka stethoskopu na kugongagonga mbavu za nyuma kwa kidole, unasikia mlio kama wa chuma. Mchoro wa hali hii una tabaka: mbavu, ukuta wa tumbo, abomasamu iliyohama, rumeni. Kwenye programu nzuri ya kuchorea, kila tabaka hukaa peke yake. Unaziondoa mbavu, unaona kilicho chini. Unazirudisha, unajua mkono wako utagonga wapi. Mwanafunzi aliyechora hivyo mara mbili tatu, nikimpeleka kwa ng'ombe wa maziwa kule Kiambu, haulizi asimame upande gani.

Kwa hiyo neno langu ni hili: nunueni kalamu kwanza. Skrini yenye kung'aa, kamera, jina la kampuni, hayo yote yafuate nyuma ya kalamu.

Wengine husema watachapa kwa kibodi kwa sababu ni haraka. Mwaka 2014, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer huko Marekani walichapisha utafiti uliowaonyesha walioandika kwa mkono wakifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kuelewa kuliko waliochapa kwenye kompyuta, kwa sababu anayechapa huelekea kunakili maneno ya mhadhiri neno kwa neno. Watafiti wengine waliurudia mwaka 2019 na tofauti haikutokea wazi namna ile, basi mimi siegemei hapo. Naegemea kwenye jambo lisilohitaji utafiti: mzunguko wa maisha wa kimelea hauchapiki. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, husababishwa na kimelea Theileria parva na huenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Kimelea huingia kupitia mate ya kupe, kinavamia limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, kinazifanya zigawanyike nacho kikigawanyika ndani yake, baadaye kinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, na kupe mwingine anakifyonza kutoka huko. Jaribuni kuyapanga hayo kwa kibodi huku mhadhiri anaendelea kusema.

Kalamu ziko za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Kuna kalamu yenye ncha ya mpira au kijisahani cha plastiki ambayo skrini huidhani kuwa kidole. Ukilaza kiganja, kiganja nacho kinaandika. Kwenye maduka mengi ya mjini hii hutolewa kama zawadi, "kishikwambi na kalamu yake," na mnunuzi anaondoka ameridhika. Aina ya pili ni kalamu ambayo kifaa chenyewe kimeundwa kuitambua. Skrini inajua ncha iko wapi na inakipuuza kiganja. S Pen ya Samsung iko humo, na haihitaji chaji ili iandike, kwani hupata nguvu kutoka kwenye skrini yenyewe. Apple Pencil iko humo pia, ila ina betri na lazima uichaji.

Mkienda Luthuli Avenue au kwingineko, ombeni kifaa kilichowashwa na kaeni chini, msijaribu mkiwa wima. Lazeni kiganja chote juu ya kioo. Andikeni kwa herufi ndogo, za ukubwa wa mwandiko wenu wa kawaida: Rhipicephalus appendiculatus. Ndiye kupe wetu yule, na jina lake ni refu kiasi cha kufichua kila kasoro. Kisha choreni mstari wa mshazari polepole, bila rula. Kalamu mbaya hutoa mstari unaotetemeka kama nyoka hata mkono ukiwa umetulia. Muuzaji akikataa mjaribu, nendeni duka la pili.

Sasa majina. Kwa mwanafunzi wa kawaida, ninayoitaja kwanza ni Galaxy Tab S6 Lite. Ilitoka mwaka 2020 na imefanyiwa marekebisho tangu hapo. Kalamu imo kwenye boksi, skrini ni ya inchi 10.4, na ina tundu la kadi ya kumbukumbu. Si kifaa chenye kasi kubwa, nayo faili ya kurasa mia nane hufunguka kwa kujivuta. Lakini kalamu yake ni ya kweli, na kwangu hilo latosha. Angalieni msidanganywe na jina la Samsung peke yake: Galaxy Tab A8 na A9+ hazipokei S Pen kabisa.

iPad ya kawaida ni imara, na programu za kuandikia zilizotengenezwa kwa ajili yake ni nyingi na nzuri. Jueni mambo matatu tu. Kalamu inauzwa kando, kwa hiyo bei mliyoona dirishani haijakamilika. Haina tundu la kadi, kwa hiyo nafasi mtakayonunua siku ya kwanza ndiyo mtakayokaa nayo. Na kalamu si zote zinakubali kila iPad: ile ya kizazi cha 9, kwa mfano, inatumia Apple Pencil ya kwanza, na Apple Pencil ya USB-C iliyotoka 2023 haihisi mkazo wa mkono. Kwa kuandika maneno hutaona upungufu. Kwa kutia kivuli misuli utauona. Anayenunua iliyotumika ahakikishe akaunti ya mmiliki wa zamani imeondolewa mbele ya macho yake, la sivyo amenunua kipande cha kioo.

Vipo pia vifaa vya wino wa kielektroniki, kama Kindle Scribe ya kawaida na reMarkable 2. Havichoshi macho, betri hukaa muda mrefu, na mwanafunzi wa sheria ningemshauri avifikirie. Nyinyi sikushaurini. Vyote viwili huonyesha nyeusi, nyeupe na kijivu. Sasa fikirieni slaidi ya histolojia iliyotiwa hematoksilini na eosini, rangi mbili za maabara: viini vya seli ni zambarau, saitoplazimu inayovizunguka ni waridi. Fikirieni bakteria waliotiwa rangi kwa njia ya Gramu, Gramu chanya na Gramu hasi, zambarau na waridi tena. Rangi ndiyo habari yenyewe. Ukiiondoa, slaidi imebaki madoa.

Kuhusu ukubwa, inchi 10 na kidogo hutosha, kwa kuwa mtagawa skrini: upande mmoja slaidi za mhadhiri, upande wa pili ukurasa wenu. Inchi 8 ni ndogo kwa kazi hiyo. Nafasi ya GB 64 hujaa mapema mkianza kuhifadhi video za upasuaji. Chukueni 128 mkiweza, au kifaa cha kadi.

Jambo ambalo watu hulifikiria mwisho, nami nalipa uzito karibu sawa na kalamu, ni programu mtakamoandikia. Madokezo haya mtayahitaji mkiwa madaktari, usiku, mko shambani, mnatafuta kipimo cha dawa cha mbuzi. Yasifungwe ndani ya programu moja. Mwaka 2021 Notability, programu ya kuandikia, iligeuka kuwa ya ada ya kila mwaka, na watu waliokwisha kuinunua waliambiwa kwamba baadhi ya huduma zitakoma kwao. Kelele zilipopanda, kampuni ikarudi nyuma. Siku nyingine kampuni nyingine inaweza isirudi. Tumieni GoodNotes, Samsung Notes, OneNote, yoyote inayokaa vizuri mkononi, lakini kila Ijumaa toeni masomo ya wiki hiyo kama PDF na kuyaweka mahali pawili: kwenye flashi iliyobaki chumbani na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fanyeni hivyo mkiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, msimalize bando lenu. Na faili zipeni majina yanayotafutika: somo, mnyama, mada. "Anatomia ng'ombe mguu wa mbele" itapatikana baada ya miaka kumi.

Baadhi ya programu hizi hurekodi sauti na kuifunga na maandishi, hata ukigusa neno unasikia mhadhiri alikuwa anasema nini wakati ule. Ni msaada mkubwa. Mwombeni mhadhiri ruhusa kwanza. Na picha ya mnyama wa mteja, yenye jina la mwenye mnyama na simu yake kwenye kadi, msiisambaze kwenye kundi la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mfugaji kama inavyomlinda mgonjwa wa hospitali.

Sasa naomba mnisikilize sana. Kuna vyumba ambamo kishikwambi hakiingii. Chumba cha upasuaji wa mizoga ni kimojawapo. Zizi lenye mnyama aliyetupa mimba ni kingine. Brusela, Homa ya Bonde la Ufa, kimeta: haya ni magonjwa yanayovuka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu, na kifaa mnachokishika kwa glavu zenye damu ndicho mtakachokilaza kitandani usiku mkijisomea. Zipo aina zinazostahimili maji, kama Galaxy Tab S9 FE pamoja na kalamu yake, na kwa kazi ya shambani wakati wa mvua ni faida. Ila kustahimili maji hakumaanishi kusafika. Kava ina mishono, kitufe kina upenyo. Ingieni na kijitabu cha bei ndogo na penseli, andikeni, kisha kijitabu kitupwe pamoja na taka za maabara baada ya kusoma namba zenu kwa sauti kwa mwenzenu aliye nje ya mlango. Kwenye maabara ya anatomia yenye formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga, kishikwambi kikae meza ya mbali, aandike mtu mmoja asiyegusa mzoga, na mpokezane zamu. Mkimaliza, kipanguseni kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, kikiwa kimezimwa, bila kumimina chochote juu yake.

Kwenye matatu msikifungue mkiwa dirishani. Mnaujua mji wenu.

Najua wapo humu ambao hata hicho cha bei nafuu hakiwezekani mwaka huu. Msikope kwa ajili yake, tafadhali, wala msiuze muda wenu wa kusoma. Nunueni daftari lisilo na mistari, penseli za rangi nne, na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Choreni mguu wa mbwa kwenye daftari, wekeni karatasi ile juu yake, choreni wa ng'ombe. Hizo ni tabaka vilevile. Jioni pigeni picha kurasa za siku hiyo kwa simu, mwangaza ukitoka upande mmoja, mzigeuze kuwa PDF na kuzipa majina kwa mpangilio uleule niliousema. Siku mtakapopata kishikwambi, mwaka wa 3 au wa 4, zitaingia zote na mtaendelea kuchora juu yake kwa wino mwekundu.

Waliokuja na vifaa vyao wavilete hapa mbele, tuvijaribu kwa jina la yule kupe.