Kumwaga Oili na Kuisoma: Filta na Oili ya Subaru Impreza ya Mashindano

Mafundi, madereva, na vijana mnaoanza kazi hii gereji, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia kumwaga oili na kubadilisha filta kwenye gari moja tu: Subaru Impreza GC8 yenye injini ya EJ20 ya tabo. Nimeichagua kwa sababu ndiyo mnayokutana nayo sana kwenye mbio za magari na autokrosi zetu. Injini za ukoo huu ndizo zilizoshinda Safari Rally mwaka 1997 zikiwa na Colin McRae, na 2000 zikiwa na Richard Burns. Ni injini ngumu, ila ikikosa oili kwa sekunde chache haisamehi.

Gari la kwenda kazini humwagwa oili kwa sababu imechakaa. La mashindano humwagwa pia ili fundi aone kinachoendelea ndani ya injini bila kuifungua. Kwa hiyo anayemwaga oili haraka haraka na kutupa filta kwenye pipa amefanya nusu ya kazi.

Kwanza mwelewe kwa nini injini hii ina njaa ya oili. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande. Gari likikaa kwenye kona ndefu kwa kasi, oili inasukumwa kwenye hedi ya upande wa nje na inachelewa kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Sampu ikipungukiwa, bomba la kuvutia oili linavuta hewa. Beringi za konrodi ndizo zinazoungua kwanza, na mlio wake mnaujua.

Tuanze kazi. Washa injini mpaka ipate joto, izime, kisha subiri kama dakika kumi. Oili iwe ya moto kiasi cha kutiririka na kubeba uchafu, isiwe ya kumbabua fundi. Gari likae sawa kwenye stendi nne, si jeki peke yake hata kwa dakika moja. Fungua sampu gadi yote, bamba linalokinga sampu, usichungulie kupitia tundu lake. Ukishaishusha, pitisha mkono chini ya sampu. Jiwe la Naivasha linaweza kuipiga sampu gadi mpaka ikagusa sampu na kuibonyeza kwa ndani. Nje utaona kibonyeo kidogo tu, lakini ndani nafasi kati ya kichujio cha bomba la kuvutia na sakafu ya sampu imebanwa, na pampu haipati oili ya kutosha. Sampu iliyobonyea ishushwe, na bomba hilo likaguliwe pale lilipochomelewa, maana ndipo linapopasuka.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Chini ya gari hili kuna nati zaidi ya moja ya kumwagia. Ya injini iko kwenye sampu ya injini na kichwa chake ni namba 17. Nyuma yake iko ya giaboksi, ambayo humwaga pia oili ya difu ya mbele. Hiyo ina kichwa cha 21 au tundu la nyota, kutegemea mwaka. Fundi akikosea, anamwaga giaboksi halafu anajaza injini ambayo haikumwagwa. Injini inabaki na karibu lita nane, giaboksi haina kitu, na vyote viwili vinaharibika siku moja. Oili ya giaboksi inanuka kiberiti na haina weusi wa oili ya injini. Ukisikia harufu hiyo, simama hapo hapo.

Legeza nati, iache oili itiririke kidogo, kisha kinga kwenye chupa safi oili ya katikati ya mtiririko. Ya mwanzo ina matope ya chini, ya mwisho haikuambii mengi. Mwenye uwezo wa kuipeleka maabara aulize kiasi cha chuma, shaba na silika. Silika nyingi ni vumbi, na vumbi laini la Kedong linapita kwenye filta ya hewa isiyokaa vizuri na kusaga ringi za pistoni. Asiye na maabara atumie pua na macho. Oili inayonuka petroli na kuwa nyepesi mithili ya maji inaonyesha injekta zinazovuja au mchanganyiko uliozidi petroli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na kwenye EJ20 ya tabo mshuku hedi gasketi kwanza. Ila utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia, kwenye gari lililolala nje Limuru, huenda ni jasho la baridi tu. Angalia oili yenyewe kabla ya kumtia hofu mwenye gari.

Acha idondoke dakika ishirini. Wakati huo toa filta. Iko chini ya injini, mdomo ukiangalia juu, jirani na mabomba ya ekzosi. Funika mabomba hayo kwa bati au foili, kwa sababu oili iliyodondoka hapo itatoa moshi, na baadaye kwenye hatua ya mbio inaweza kuwaka moto.

Filta ikitoka, angalia kama gasketi yake ya mpira imetoka nayo. Narudia: angalia, na pitisha kidole kwenye uso wa injini. Gasketi ya zamani ikibaki pale na ukafunga filta mpya juu yake, mpira mbili zinakaa pamoja. Gari litawaka vizuri, litapasha moto vizuri, halafu mgandamizo ukipanda kwenye mwendo mkali mpira unatoka na oili yote inamwagika njiani.

Sasa tazameni hii iliyoko mezani. Imekatwa kwa kikata filta, kile chenye gurudumu. Usitumie msumeno: utajaza unga wa chuma wako mwenyewe na kuidhania injini mabaya. Ng'oa karatasi ya ndani, ibane kwenye vaisi oili itoke, kisha ikunjue juu ya bati jeupe. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Pitisha sumaku: kinachoruka ni chuma, kutoka kwenye ringi, kemu au pampu ya oili. Kisichoruka na kinang'aa rangi ya dhahabu au shaba ni tabaka la ndani la beringi, maana tabaka la juu limeshaisha. Hapo gari haliendi popote, hata kama dereva ameshalipa ada ya kushiriki. Vipande laini kama mpira ni gundi ya silikoni iliyopakwa kwa wingi wakati wa kufunga injini. Hivyo huenda kuziba kichujio cha bomba la kuvutia.

Filta mpya isichaguliwe kwa thredi peke yake. Thredi ni M20 kwa 1.5, na filta za magari mengi zinaingia. Lakini ndani ya filta kuna valvu ya kupitisha oili bila kuchujwa karatasi ikizidiwa. Kwenye filta iliyotengenezwa kwa Subaru valvu hiyo hufunguka karibu kPa 160. Nyingi za bei rahisi hufunguka kwenye nusu ya hapo, na pampu ya EJ ina nguvu, kwa hiyo oili chafu inapita moja kwa moja kwenye beringi.

Weka wosha mpya kwenye nati ya sampu, kaza Nm 44, kisha funga waya wa usalama kuelekea upande wa kukazia. Jaza filta oili robo tatu, paka oili kwenye gasketi, funga kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Zungushia filta klampu ya bomba na uifunge kwa waya wa usalama pia.

Kuhusu oili, kwa injini ya mashindano yenye nafasi za kawaida za beringi, 10W-50 ya sinthetiki ndiyo ningependekeza. Nunua kwa muuzaji unayemfahamu. Makopo yaliyojazwa upya yapo sokoni. Mimina lita 3.8 kwanza. Sampu za EJ huchukua kati ya lita 4 na 4.5, na oili ya injini iliyolala inashuka polepole.

Kabla ya kuwasha, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka geji ya oili ipande. Rudisha fyuzi, washa, kaa macho kwenye geji. Oili ikifika nyuzi 80, kiwango cha chini ni kPa 98 kwenye mizunguko 600 na kPa 294 kwenye 5,000. Ikipungua hapo, zima.

Zima, subiri dakika kumi, pima. Kijiti cha EJ kinadanganya kwa kuwa oili inajipaka kwenye bomba lake. Soma pande zote mbili na uamini ile ya chini. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja. Kwa mbio, iache kwenye alama ya juu kabisa, kwa sababu ya zile kona ndefu. Usizidishe, maana krenki itaichapa oili na kuitia povu.

Oili chafu iende kwenye pipa lenye mfuniko na kwa wakusanyaji, si mtaroni. Gari likirudi kutoka mwendo wa kwanza, lala chini yake na tochi kabla sampu gadi haijafungwa tena, uangalie nati, filta na waya.