Kumpa jina mbawakawa wa msitu wa mlimani

Mabibi na mabwana, familia ya wadudu nitakayoizungumzia jioni hii mnaijua kupitia ndugu mmoja msumbufu, yule aitwaye nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakawa, na ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha sumu inayotoa malengelenge. Familia hiyo, Staphylinidae, ina zaidi ya spishi 60,000 zilizokwisha kuelezwa. Walio wengi hawana sumu ya namna ile. Hukaa kimya chini ya majani yaliyooza, wakiwinda wadudu wadogo kuliko wao, na hutambulika kwa vifuniko vya mabawa vilivyo vifupi mno hata fumbatio likabaki wazi.

Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania, hupata mvua yake kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake ni ya kale sana. Nyanda kavu zinazotenganisha mlima na mlima si kitu kwa ndege, lakini kwa mdudu wa milimita tatu asiyeweza kuruka ni kizuizi kikubwa. Kwa hiyo anayechekecha majani makavu ya Uluguru, kisha akayatundika ndani ya mifuko ya wavu ili wadudu wakimbie ukavu na kuangukia kwenye spiriti, hana budi kutarajia wageni, yaani spishi ambazo bado hazijapewa jina.

Kwamba mdudu huyu haruki, hadubini huonyesha bila kumpasua. Mabega ya vifuniko vyake yamepungua, na ukitazama ukingo wa nyuma wa pingili ya saba ya fumbatio, mahali ambapo jamaa zake wenye mabawa wana pindo jembamba jeupe, kwake aghlabu hukuti kitu.

Ugumu huanza hapo. Madume wawili kutoka milima miwili jirani waweza kufanana rangi, ukubwa na vinyweleo, wakatofautiana katika kiungo cha uzazi pekee. Ndiyo maana sampuli iliyokauka hulainishwa kwa maji ya moto, pingili za mwisho zikafunguliwa kwa sindano nyembamba, na kiungo kile, ambacho mara nyingi hakifiki hata milimita moja, kikasafishwa na kuchorwa kikiwa kimelala ubavu, kisha kwa upande wa chini, kwa sababu mkunjo wa ncha yake hubadilika sura ukikiinamisha kidogo tu. Mimi huamini zaidi mchoro wa mkono kuliko picha, kwa kuwa mchoraji hulazimika kuamua kila mstari unaanzia wapi. Na palipopatikana jike mmoja tu, naona ni heri kungoja.

Bado hujathibitisha kwamba spishi ni mpya. Kanuni za majina ya wanyama huhesabu kipaumbele tangu mwaka 1758, hivyo jina lolote lililotolewa kwa mdudu huyo baada ya hapo hulishinda lako, hata kama maelezo yake ni mistari miwili ya Kilatini isiyotaja kiungo cha dume. Maelezo kama hayo hayatoshi kuamua lolote. Lazima uione sampuli yenyewe, na nyingi zilizokusanywa Usambara enzi za Wajerumani zimo katika makumbusho ya Ulaya.

Kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, mwandishi lazima aseme waziwazi kwamba jina ni jipya, ataje sampuli inayolibeba, yaani holotaipu, na mahali itakapohifadhiwa. Hili la mwisho ndilo ninalogombana nalo na wenzangu. Sipingi holotaipu kuhifadhiwa penye kabati salama na mtunzaji wa kudumu, lakini parataipu, zile sampuli nyingine zilizotumika katika maelezo, zigawanywe, na sehemu yake ibaki nchini mdudu alikotoka, kila pini ikiwa na lebo inayotaja mlima, kimo, tarehe na mkusanyaji, ili mwanafunzi wa Morogoro atakayechekecha majani ya mlima wa pili alinganishe dume wake bila kuomba viza.