Makubadhi Mlangoni: Moyo wa Mkubwa na Kazi za Wadogo

KHADIJA: Asalaam alaikum, msikilizaji. Tunazungumza nawe kutoka Mji wa Kale wa Lamu, si mbali na Mkunguni, na ukisikia punda akilia au boti ikiwasha mashini, utuwie radhi. Niko pamoja na ndugu yangu Athman, ambaye kwa miaka 11 amesimamia nyumba ya wageni hapa mjini. Leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo wakubwa wa kazi hulikwepa, nalo ni hofu, hasira na kiu ya kupendwa waliyo nayo moyoni, na namna mambo hayo yanavyokwenda kukaa ndani ya kazi za watu walio chini yao. Karibu, Athman.

ATHMAN: Ahsante, Bi Khadija. Nitaanza na makubadhi yangu. Mpishi wetu, ambaye ni mama mtu mzima, aliniambia siku moja kwa heshima zote kwamba kila asubuhi wafanyakazi husikiliza jinsi ninavyovua viatu pale mlangoni. Nikivivua taratibu na kuvipanga, siku hiyo ni ya kuniletea habari; nikivitupa, kila mwenye shida huimeza mpaka kesho. Mwili ulinifa ganzi, kwa sababu wiki ileile pampu ya maji ilikuwa imeharibika, na watu watatu walilijua jambo hilo kwa siku nne bila kuniambia, hata tangi likakauka wageni wakiwa bafuni.

KHADIJA: Ulikuwa ukiwafokea?

ATHMAN: Hata mara moja, na hilo ndilo nililojivunia miaka yote. Mimi hunyamaza. Inapofika masika, kuanzia Aprili mpaka Juni, wageni huadimika na nyumba nyingi hapa hufunga milango, nami nilikuwa nikipita mbele ya vyumba vitupu na kuanza kuhesabu kimyakimya. Baba yangu alikuwa na duka la nguo ambalo lilifilisika nikiwa mdogo. Aliketi na daftari la madeni jioni nzima bila kutamka neno, nasi watoto tukajifunza kunyata. Nilipokuwa mkubwa wa kazi, nikiona chumba kitupu nilikuwa nikiliona duka la baba, na watu saba wasiolijua duka hilo wakawa wananyata kama tulivyonyata sisi.

KHADIJA: Hapo umenifungulia mlango wa habari ambayo nimetaka kuizungumza kwa muda mrefu, kwa sababu karibu kila nyumba ya pwani hii iliwahi kuwa na simu ya Nokia. Watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wao juu ya namna kampuni ile ya Ufini ilivyoshindwa katika ushindani wa simujanja, baada ya kufanya mahojiano 76 na watu wa ndani na wataalamu wa nje. Walichokieleza zaidi ya mambo ya mitambo ni hofu. Wakuu wa juu waliwaogopa washindani na wenye hisa, hasa baada ya iPhone kutoka mwaka 2007, lakini hawakuwaonyesha walio chini yao ukubwa wa tishio lile. Wakawa wanawabana tu watoe simu mpya upesi. Mameneja wa kati nao waliwaogopa wakuu wao, ambao baadhi yao walikuwa na hasira kali, kwa hiyo wakanyamaza au wakaahidi mambo ambayo wahandisi walijua hayawezekani kwa muda ule.

ATHMAN: Kwa hiyo wakuu waliamini kazi inakwenda.

KHADIJA: Waliamini, kwa kuwa kila ripoti iliyowafikia ilikuwa imekwisha kulainishwa njiani. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba biashara ya simu inauzwa kwa Microsoft kwa zaidi ya yuro bilioni 5, na mauzo yakakamilika mwaka uliofuata. Sisemi kwamba hofu peke yake iliiangusha, kwa maana Symbian, programu iliyoziendesha simujanja zao, ilikuwa na udhaifu wake na washindani walikuwa hodari. Ninachosema ni kwamba udhaifu ule ulijulikana na watu waliokuwa wakiugusa kila siku kwa mikono yao, na ujuzi huo haukupanda ngazi kwa namna ambayo mkuu angeweza kuutumia.

ATHMAN: Wazee wetu husema mkubwa ni jaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani maana yake ni kwamba mkubwa lazima avumilie kutukanwa. Siku hizi naielewa kwa njia nyingine: jaa likifungwa, taka hazikomi kutoka majumbani, bali hurundikwa vichochoroni, na mtaa mzima ukanuka huku mwenye jaa akilisifu kwa usafi wake. Mimi nilikuwa nikisema nyumba yangu haina matatizo.

KHADIJA: Nakubali, ingawa nina swali ambalo msikilizaji aliye na wafanyakazi atakuwa ameshaliuliza moyoni. Wako wakubwa wengi wakali ambao kazi zao zinaonekana kwenda. Mtu atakuambia, mimi nikiingia na uso wa mbuzi, watu hukimbia. Nikiingia nacheka, hulala. Je, anasema uongo?

ATHMAN: Hasemi uongo, ila anachokiona ni nusu ya jambo. Kuna jaribio lililofanywa Marekani na Thomas Sy na wenzake, likachapishwa mwaka 2005. Viongozi wa vikundi vidogo walionyeshwa video peke yao, wengine ya kuwachangamsha na wengine ya kuwaudhi, kisha wakarudi kwa wenzao, ambao hawakuiona, wakafanya kazi ya pamoja ya kusimamisha hema wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Hali ya kiongozi iliwaingia wenzake pasipo yeye kuwaeleza lolote. Vikundi vya viongozi waliochangamka vilipatana vizuri zaidi katika kazi, na vile vya viongozi walioudhika vilitumia nguvu nyingi zaidi.

KHADIJA: Nguvu nyingi zaidi?

ATHMAN: Ndiyo, na hapo ndipo mkubwa mkali hupotea. Akiona watu wanatoka jasho, huamini kwamba ukali wake ndio unaozaa matunda. Fikiri mashua inayobisha dhidi ya upepo kuelekea Shela: nahodha akiwa na ghadhabu, kila baharia huvuta kamba kwa nguvu zake zote, lakini hakuna anayemtazama mwenziwe ili ajue wakati wa kugeuza tanga, na chombo kinapoteza mwendo hali watu wamechoka.

KHADIJA: Nami niongeze kuhusu mkubwa wa aina nyingine, kwa sababu hofu haina sura moja. Nilipokuwa mhasibu Mombasa, mkuu wetu alikuwa mpole kupita kiasi, na alichokiogopa ni kuchukiwa. Kila aliyekwenda ofisini kwake alitoka amekubaliwa, hata kama saa moja kabla alikuwa amemkubalia mwingine jambo lililo kinyume. Tuligombana sisi kwa sisi miaka mitatu, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa ndiye mfitini, na mtu yule akahuzunika kweli, asijue kwamba ugomvi wetu ulizaliwa mezani pake. Sina kinyongo naye, lakini miaka ile ilinivunjia urafiki ambao haukurudi.

ATHMAN: Pole sana, dada.

KHADIJA: Nimeshapoa. Sasa turudi kwako, maana kuijua hofu ni jambo moja na kuamka nayo kila siku ni jingine.

ATHMAN: Kwanza nililazimika kubadili namna ninavyohesabu makosa. Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alipokuwa akichunguza makosa ya dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia timu zilizo bora ziwe na makosa machache, lakini takwimu zikaonyesha zina mengi zaidi. Alipochunguza akatambua kwamba huenda timu zile hazikukosea zaidi, ila watu wake waliweza kuyataja makosa yao bila woga. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka pampu, nikaacha kufurahia wiki isiyo na malalamiko.

KHADIJA: Na ule ukimya wako?

ATHMAN: Haujaondoka. Usiku mmoja wa Maulidi, mji umejaa, kijana wa mapokezi alikuwa amewaandikisha wageni wawili chumba kimoja. Alinijia mwenyewe kabla ya isha akaniambia. Niliusikia ule ukimya ukipanda kifuani, nikamwambia, nimeogopa, nipe dakika nikanywe maji, kisha tuketi. Niliporudi nilimkuta ameshaanza kupiga simu nyumba za jirani, na kabla saa haijapita tukapata chumba Langoni.

KHADIJA: Mpishi anasemaje siku hizi?

ATHMAN: Nilimuuliza juzi kama bado wanasikiliza makubadhi. Akanijibu, tunasikiliza, mwanangu, lakini siku hizi hata ukiyatupa tunakuja.