Puedo, podemos: kitenzi cha Kihispania kinachobadilika mzizi, na sikio la Mswahili

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo. Karibuni tena kwenye chaneli. Leo niko hapahapa Madrid, nimekaa kwenye benchi mtaa wa Lavapiés, nina muda kidogo kabla ya zamu yangu ya jioni, na kibao changu cheupe kiko mapajani. Kelele mnazozisikia nyuma yangu ni watoto wanacheza mpira. Tuvumiliane.

Meseji zinazoingia kwa wingi siku hizi ni za vijana wa utalii. Wa Arusha, wa Moshi, wa Zanzibar. Wanasema, dada, wageni wa Hispania na Amerika ya Kusini wanakuja, na anayewasemesha Kihispania ndiye anayeitwa kwenye safari. Wamejifunza hablar, kusema, wamejifunza comer, kula, mambo yanakwenda vizuri. Wakifika kwenye poder, kuweza, kitabu kinawaambia "naweza" ni puedo, "tunaweza" ni podemos, na hapo wengi wanafunga daftari. Hiyo "ue" imetoka wapi? Kwa nini kwa mimi ipo na kwa sisi haipo?

Leo tunakaa na hilo tu, mpaka lieleweke. Na ninalisema kwa moyo wote: Mswahili hana sababu ya kuliogopa, kwa sababu sikio lake limeshalizoea.

Tamka na mimi. Pika. Mkazo uko kwenye "pi". Sasa waamrishe wengi: pikeni. Mkazo umehama, umekaa kwenye "ke". Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hivyo, tumekua nayo. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayobeba mkazo, ukiongeza silabi mwishoni, mkazo nao unasogea. Kihispania katika wakati uliopo kinafanya karibu hivyohivyo. Nitaandika herufi kubwa pale penye mkazo, angalieni kibaoni: PUE-do, naweza. PUE-des, unaweza. PUE-de, anaweza. PUE-den, wanaweza. Mkazo wote uko juu ya mzizi. Sasa sisi: po-DE-mos. Silabi imeongezeka, mkazo umeuacha mzizi ukaenda kwenye "de". Na mzizi ulioachwa na mkazo umerudi kuwa "po", kama ulivyo kwenye poder yenyewe.

Kanuni ni hiyo. Mkazo ukiukalia mzizi, irabu inapasuka: o inakuwa ue, e inakuwa ie. Mkazo ukiondoka, irabu inakuwa moja tena. QUIE-ro, nataka, lakini que-RE-mos, tunataka. DUER-mo, nalala, lakini dor-MI-mos, tunalala. Kuna kundi la vitenzi vya -ir ambako e inakuwa i tupu: PI-do, naomba, lakini pe-DI-mos. Na kuna kimoja tu chenye u, ambacho ninyi watu wa mpira mnacho masikioni kila wikiendi: jugar. Mtangazaji akisema juega, anacheza, utasikia "ue". Akisema jugador, mchezaji, mkazo umekwenda kwenye "dor", basi u imebaki peke yake.

Kwenye video za Kiingereza mtaona walimu wanachora umbo la buti kwenye jedwali la kitenzi, wanazungushia zile nafsi nne zinazobadilika, sisi na ninyi wanaziacha nje. Sina ugomvi na buti, linasaidia macho. Lakini mgeni akiwa mbele yako anasubiri jibu, huna muda wa kuchora buti kichwani. Sikio halichori chochote. Linasikia mkazo ulipo, basi.

Tena, Kiswahili chenyewe kina vitenzi vinavyobadilika umbo kwa sababu ya mkazo, sema tumevizoea mno hatuvioni. Chukua kula. Tunasema anakula, amekula, atakula, na "ku" tumeibakiza. Lakini tunasema hali, hajala, akila, ale, na "ku" imetoka. Sababu ni kwamba mzizi ni -la tu, silabi moja, na mkazo unataka silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi kama -na-, -me- na -ta- havibebi mkazo, kwa hiyo "ku" inakuja kuubeba. Kwenye "akila", -ki- inaubeba yenyewe, "ku" haina kazi. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia na hili kama ninyi mnavyolia na puedo. Mtoto wa miaka mitatu wa Tanga au wa Bukavu halimsumbui hata kidogo.

Anayetaka ushahidi zaidi aende Ajentina. Kule mtu hamwambii rafiki yake tú, yaani wewe, anamwambia vos, na umbo la kitenzi cha vos lina mkazo kwenye silabi ya mwisho. Kwa hiyo Mhispania anasema tú puedes, na mtu wa Buenos Aires anasema vos podés. Tú quieres, vos querés. Irabu haikupasuka kwa sababu mkazo uko kwingine. Hapa Hispania nako kuna vosotros, ninyi wa kirafiki: podéis, queréis, dormís. Mkazo mwishoni, mzizi umetulia. Meksiko na Amerika ya Kusini vosotros hawaitumii katika maongezi, wao ni ustedes, na ustedes inakwenda kama wao: pueden, quieren. Vijana wa utalii, mkikutana na Mmeksiko na Mhispania kwenye gari moja, mtazisikia zote mbili, msishtuke.

Asili yake ni Kilatini. Kilatini kilikuwa na e za aina mbili na o za aina mbili, fupi na ndefu. Zile fupi, zikibeba mkazo, katika Kihispania zilipasuka. Porta ikawa puerta, mlango. Terra ikawa tierra, ardhi. Kwa hiyo jambo hili limeenea lugha nzima, wala si la vitenzi peke yake. Hesabuni: saba ni siete, lakini sabini ni setenta. Tisa ni nueve, lakini tisini ni noventa. Mlango ni puerta, lakini anayeulinda ni portero. Nchi ni Venezuela, mwenyeji wake ni venezolano. Katika hizi zote mkazo unapohama, ile "ie" au "ue" inafunga.

Hata siasa za hapa zimelibeba. Hatua chache kutoka benchi hili kuna ukumbi mdogo unaitwa Teatro del Barrio, na humo Januari 2014 kilitangazwa chama cha siasa kinachoitwa Podemos. Tunaweza. Na kwenye mikutano yao watu walikuwa wakipaza sauti: ¡Sí se puede! Inawezekana! Msemo huo ni wa zamani kuliko chama, ulitoka kwa Dolores Huerta mwaka 1972 huko Arizona, kwenye harakati za wafanyakazi wa mashambani Marekani. Kitenzi kimoja, uwanja mmoja wa mkutano: bango juu lina "o", watu chini wanaimba "ue". Ukitaka kukumbuka poder maisha yako yote, kumbuka hiyo picha.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana kitenzi hiki mimi ninakila na kukilala. Ninamtunza bibi mmoja wa Kihispania, umri wake umepita miaka 90. Anayefanya kazi hii ya kutunza wazee hapa anaelewa ninachosema: karibu kila kitenzi cha siku nzima kinabadilika mzizi. Asubuhi ni despertar, kuamsha: se despierta. Kuvaa ni vestir: se viste. Kukaa ni sentarse: siéntese aquí, bibi, kaa hapa. Kupasha chakula ni calentar: le caliento la sopa. Chakula cha mchana, almorzar. Vitafunio vya jioni, merendar. Kuwasha taa, encender. Kufunga dirisha, cerrar. Kumlaza, acostar. Na kulala, dormir. Hata kule kusogea kitandani, mover: no se mueva, usisogee, nakuja.

Halafu kuna kimoja ninachowaomba mkikariri kabla ya vingine vyote, hata kama hamna mpango wa kuja Ulaya. Doler, kuuma. ¿Dónde le duele? Unaumwa wapi? Me duele aquí, hapa panauma. Me duelen las rodillas, magoti yananiuma. Muongoza watalii ambaye mgeni wake ameteleza Kilimanjaro anakihitaji kuliko jina la ndege yeyote. Na tazameni mkazo: DUE-le, imepasuka. Nomino yake, maumivu, ni do-LOR, mkazo mwishoni, haikupasuka. Bibi akiniambia tengo dolor au akiniambia me duele, ni maumivu yaleyale, na sasa mnajua kwa nini sauti ni mbili.

Jikoni kwake kuna daftari. Kila jioni ninaandika siku imekwendaje, ili binti yake akija asome. Mistari huwa kama hii: Se despertó a las siete. Desayunó bien. Durmió la siesta. No pidió nada. Aliamka saa moja, alikunywa chai vizuri, alilala mchana, hakuomba kitu. Hebu itazameni kwa karibu, maana ndiyo hatua ya pili. Wakati uliopita mkazo uko mwishoni: despertó. Basi e imebaki e, kama tulivyosema. Cerró, alifunga. Volvió, alirudi. Vitenzi vya kawaida vya -ar na -er vinatii. Lakini durmió, mkazo uko mwishoni na bado o imegeuka u. Pidió, e imegeuka i.

Hapo kuna kanuni ndogo nyingine, na ni karibu ya vitenzi vya -ir peke yake. Silabi inayofuata ikiwa na ile i inayoungana na irabu nyingine, kama -ió, -ieron, -iendo, irabu ya mzizi inajibana: o inakuwa u, e inakuwa i. Durmió, durmieron, durmiendo. Pidió, pidieron, pidiendo. Lakini dormí, nililala, iko vilevile. Dormimos, tulilala, iko vilevile. Na dormido imetulia kabisa. Kwa hiyo nikiwa nyuma ya mlango nasema kwa sauti ya chini está durmiendo, amelala, na kesho yake nauliza ¿ha dormido bien? Umelala vizuri? Hii hatua ya pili msiikimbilie. Wakati uliopo kwanza, mpaka ulimi ukubali.

Swali ambalo najua linakuja: nitajuaje kitenzi kipi kinapasuka na kipi hakipasuki? Ukweli ni kwamba kwa kukitazama tu hujui. Contar, kuhesabu au kusimulia, ni cuento. Montar, kupanda farasi au gari, ni monto. Comer, beber, correr, comprar, hizo hazina habari. Lakini kuna njia moja ninayoipenda sana: tafuta nomino ya ukoo wake. Safari ya ndege ni vuelo, basi volar inapasuka. Chakula cha mchana ni almuerzo, basi almorzar inapasuka. Mchezo ni juego. Hadithi ni cuento. Ndoto ni sueño, basi soñar nayo imo. Haifiki kila mahali, dolor tumeiona, lakini inakusogeza mbali. Na kamusi ya Real Academia Española iko wazi kwenye intaneti, bure, kila kitenzi kimenyambuliwa chote humo.

Mimi ushauri wangu kwa wanaoanza, msiandike jedwali la nafsi sita. Kila kitenzi kipya kikaririni kwa maneno mawili, mimi na sisi. Puedo, podemos. Quiero, queremos. Empiezo, empezamos. Vuelvo, volvemos. Pido, pedimos. Mseme kwa sauti, mkazo muupige hasa, hata mkiwa kwenye daladala. Ukiwa na hayo mawili, nafsi nyingine zote zimeshaingia. Na kwa wanaokuja kuishi huku na wanafikiria uraia baadaye, mtihani wa lugha unaotakiwa ni DELE kiwango cha A2, na hivi vitenzi vimejaa humo.

Vijana wangu wa Arusha, nawaachia sentensi moja ya kazi. Volvemos antes de las seis, porque la puerta cierra. Tunarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu geti linafungwa. Ndani yake kuna volvemos isiyopasuka, puerta iliyopasuka na cierra iliyopasuka. Mgeni akiuliza ¿podemos quedarnos un poco más?, tunaweza kubaki kidogo, mjibu kwa upole: hoy no se puede. Nirekodieni kwa sauti zenu mnitumie, nitasikiliza moja moja usiku nikishamlaza bibi. Video ijayo ni seguir na servir, za wale wa hotelini Zanzibar. Basi langu limefika. Kwaherini.