Kufunga upinde wa beabo kuanzia sifuri, na kwa nini limbu nyepesi ndio mpango

Mambo vipi wadau, karibuni tena uani kwetu hapa Tabata, samahani kwa hiyo kelele mnayoisikia nyuma, jirani anachomelea geti na mi siwezi kumwambia asimamishe kazi kisa narekodi. Leo tunachagua upinde na kuufunga kuanzia sifuri. Ni rikavu, ule wenye ncha zimekunjika kwenda mbele, ila tunaufunga kibeabo, yani upinde mtupu. Hakuna saiti, hakuna zile fimbo ndefu za kuutuliza, hakuna kliki ya kukwambia achia sasa. Kuna jicho lako, ncha ya mshale na vidole vitatu, basi.

Kabla hujagusa hela yoyote, jicho kwanza. Nyoosha mikono yote miwili, kutanisha viganja ubakize kitundu kidogo katikati, chungulia kitu cha mbali, mi hapa nachungulia tenki la maji la jirani, afu fumba jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi tenki bado linaonekana kwenye kitundu, hilo ndo bosi. Kama ni la kulia unashika upinde kwa mkono wa kushoto unavuta kwa kulia, kama la kushoto kinyume chake. Maelezo yangu yote leo ni ya anaevuta kwa kulia, mashoto mtanisamehe, nyie mnageuza.

Sasa kipimo cha mwili. Chukua tepu ya fundi cherehani, tanua mikono kama umesulubiwa, mtu akupime toka ncha ya kidole cha kati mpaka ya upande wa pili, gawanya kwa mbili na nusu. Mdogo wangu hapa ana sentimita 175, tukigawanya tunapata 70, ambayo ni kama inchi 27 na nusu. Huo ndo urefu wake wa kuvuta, kwa makadirio. Raiza, hiki kipande cha katikati chenye mshikio, ya watu wazima wengi ni inchi 25. Ukiifunga na limbu fupi, yani zile bawa mbili zinazopinda, moja juu moja chini, unapata upinde wa inchi 66, za kati 68, ndefu 70. Dogo anaenda na 68 bila mjadala, akiwa anavuta zaidi ya 29 ningempeleka 70, kwa sababu upinde mfupi kwa mtu mrefu kamba inabana vidole kwa pembe kali na kwenye beabo utaisikia zaidi maana unashika chini ya mshale.

Afu tuje kwenye uzito, yani nguvu ya kuvuta kamba, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo wengi tunapoliwa. Upinde wangu wa kwanza ulikua pauni 38, nilikua nachukua mazoezi ya gym nikajiona mwamba. Nikavuta wiki mbili, bega la kulia likanigomea, nikawa nashindwa hata kushika bomba la juu kwenye daladala, natoka Tabata mpaka Posta nimening'inia na mkono wa kushoto kama popo. Na kulenga sikujifunza chochote, kwa sababu mtu akivuta kitu kizito anataka tu kikatoke mkononi. Misuli ya kuvutia upinde iko mgongoni katikati ya mabega na gym ya kitaa haiifikii vizuri. Kwa hiyo mwanaume mzima anaanza pauni 24 mpaka 28, dada zetu na vijana 18 mpaka 24, na hakuna aibu hapo. Ile namba iliyoandikwa kwenye limbu imepimwa kwa mvuto wa inchi 28, kila inchi ukipungua au kuzidi inabadilika kama pauni mbili, so dogo na hizi zilizoandikwa 24 mkononi anapata kama 23. Jaribio langu ni hili: vuta mpaka kwenye kona ya mdomo, tulia sekunde kumi, shusha taratibu, rudia mara tatu. Ukitetemeka kwenye ya pili huo sio wako, hata kama muuzaji anakusifia kifua.

Ndo maana napenda mfumo wa ILF, ule wa limbu kuchomeka kwenye raiza ya chuma na kutoka, ulianzia Hoyt kule Marekani na leo karibu kila kampuni inautumia, unanunua raiza moja nzuri na limbu za bei ya chini, baada ya miezi unabadilisha limbu tu. Upinde wa mbao wa kufungua unatosha pia kuanzia, ila hakikisha una tundu lenye nyuzi za skrubu kwa ajili ya planja, kitufe cha pembeni ya mshale tutakachokiona mbele, na ujue tila, yani uwiano wa limbu ya juu na ya chini, huwezi kuirekebisha. Kwa vile vitu hivi wengi wetu tunaviagiza, ukikosea saizi kuirudisha ni shughuli nyingine, so pima mara tatu.

Haya, tufunge. Bolti za limbu hizi hapa, kaza kwa alenki mpaka mwisho taratibu, afu legeza mizunguko miwili, juu na chini sawasawa. Usilegeze zaidi ya kitabu chake kinavyosema, bolti ikichomoka upinde ukiwa umevutwa utaokota meno. Chomeka limbu, usikie "ta", ile iliyoandikwa namba inakaa chini. Kamba ina kitanzi kikubwa na kidogo, kikubwa limbu ya juu.

Kuweka kamba tumia stringa, hii kamba yenye vifuko viwili. Vifuko unavivisha ncha za limbu, unakanyaga katikati yake chini, unanyanyua raiza, limbu zinapinda, unasukuma kitanzi mpaka kiingie kwenye mfereji. Usiupitishe upinde katikati ya miguu kama unavyoona kwenye muvi, mi limbu moja niliipindisha hivohivo, mpaka leo mke wangu anaitumia kushushia maembe. Na upinde wenye kamba usivutwe ukaachiwa bila mshale, hata kwa utani, nguvu yote inarudi kwenye limbu na zinapasuka. Watoto wa jirani wakija kushangaa ndo kitu cha kwanza watataka kufanya.

Sasa upinde una kamba, usogeze kamera hapa. Nimeulaza kwenye migongo ya viti viwili vya plastiki, naangalia kwa juu. Kamba inatakiwa ipite katikati kabisa ya limbu ya juu, katikati ya raiza, katikati ya limbu ya chini. Nimebandika vipande vya masking tepu kwenye limbu nikapiga mstari katikati, macho yasinidanganye. Ikikaa pembeni, limbu za ILF nyingi zina vishimu au skrubu za kusogeza, fanya hapo kabla ya kwenda mbele, maana ukiruka hiki vingine vyote utakua unapima uongo.

Kinachofuata ni urefu wa breisi, umbali toka sehemu ya ndani kabisa ya mshikio mpaka kwenye kamba. Kwa upinde wa 68 anzia inchi 8 na nusu, kikomo kama 9. Ukisokota kamba inakua fupi na umbali unaongezeka, ukisokotoa unapungua. Ongeza mizunguko mitatu, piga mishale, sikiliza, ongeza tena. Kuna mahali kelele inapungua na upinde unatulia mkononi, unasikia "pum" badala ya "trrang", hapo hapo andika. Hii ndo namba ya kuiangalia kila siku kabla ya kupiga, kamba mpya inatanuka.

Tila haina mambo mengi. Pima toka limbu inapoanzia kwenye raiza mpaka kwenye kamba, juu, afu chini. Wa Olimpiki huwa wanaacha juu pazidi milimita kadhaa, sisi wa beabo tunaanza sifuri, juu na chini sawa, kwa sababu vidole vyetu vinashuka kwenye kamba tukilenga, mtaona mbele. Ukigusa bolti rudi upime breisi tena.

Resti na planja. Resti ni kiwaya kinachobeba mshale, planja ni kile kitufe chenye springi kinachousukuma pembeni. Mshale ukae katikati ya kitufe, na waya usichungulie nje ya mshale ukitazama toka juu. Chagua resti ngumu kidogo, vidole vikishuka mshale unaikandamiza resti ile ya plastiki nyembamba mpaka inalala. Ukimaliza simama nyuma ya upinde, panga kamba katikati ya limbu, ncha ya mshale ionekane kidogo tu kushoto mwa kamba. Springi iache ya katikati kwanza.

Noki pointi, pale noki, kile kipande cha mkia wa mshale kinachobana kamba, inapokaa, ndo nataka mwone karibu. Hii ni skwea, unaibana kwenye kamba inalala juu ya resti, inakuonyesha sifuri ni wapi. Unapanda juu milimita 12 hivi, hapo ndo chini ya noki ya mshale itakaa. Nachukua uzi wa kusafishia meno, nafunga fundo mbele, fundo nyuma, mbele, nyuma, mara saba nane, nakata, nachoma ncha na kiberiti kwa mbaaali. Moja chini, naweka noki ya mshale, naacha upenyo kama unene wa kadi ya simu, nafunga la pili juu. Watu wanafunga la juu tu. Mi nilifanya hivo, nikashusha vidole, nikaachia, mshale ukateleza chini kwenye kamba ukapiga resti, resti ikaruka kwa jirani huyohuyo wa geti. Beabo ni mafundo mawili, juu na chini.

Mishale sasa. Ugumu wake unaitwa spaini, na namba ikiwa kubwa mshale ni laini zaidi, watu wanachanganya hapo. Kwa pauni 24 mpaka 26 angalia kati ya 800 na 1000. Alumini zinaandikwa tofauti, hizi ni 1716, maana yake unene wa bomba ni 17 juu ya 64 za inchi, na ukuta wake ni elfu 16 za inchi, zinapinda kwa dogo vizuri na bei yake sio ya kuumiza. Usiikate mifupi, acha kama inchi mbili mbele ya resti, mshale mrefu unakusaidia kulenga na ni salama kwa mtu ambae bado mvuto wake unakua.

Tabu ni hiki kingozi cha vidole, na kweli usipokua nayo utaipata tabu. Nenda kwa fundi viatu mwambie akutobolee mishono iliyolingana pembeni, yote saizi moja rangi moja, ndo rula yako.

Tupige. Shabaha yangu ni magunia ya sulufeti yamejazwa mitumba chakavu toka Karume, nyuma kuna ukuta, nyuma ya ukuta hakuna njia, na mjumbe anajua nafanya nini hapa. Kulenga kwa beabo ni hivi: unaweka ncha ya mshale kwenye njano, duara la katikati ya karatasi, na unabadilisha pa kushika. Ukucha wa kidole gumba unaingia kwenye kamba chini ya mshale, unahesabu mishono, unaweka vidole hapo. Karibu unashuka sana, mbali unashuka kidogo.

Uani hapa napata mita 18 kutokea mlangoni, umbali wa mashindano ya ndani, karatasi ya sentimita 40. Nje ni mita 50 na karatasi ya 122. Napiga mishale mitatu yenye manyoya na mmoja uchi, nimeutoa manyoya, wote kwa mishono ileile, maana ukibadilisha kushuka kwa vidole unabadilisha na upinde. Uchi ukienda kushoto kwa wenzake mshale ni mgumu, legeza springi ya planja. Kulia, ni laini, kaza springi. Ukitua juu ya wenzake noki pointi iko chini sana, ukitua chini yao noki pointi iko juu sana. Kimoja kimoja, nusu mzunguko, piga tena. Huu wa dogo umetua chini ya wenzake kiganja kizima, so nashusha mafundo yote milimita mbili... haya, sasa hivi uchi uko pembeni ya wenzake vidole viwili, natosheka.

Uzito wa chuma chini ya raiza weka mwishoni kabisa. Upinde ukiwa umevuliwa kamba, ila na vikorokoro vyake vyote vikiwa juu yake, lazima upite kwenye pete ya sentimita 12.2, ndo sheria ya beabo, so nunua uzito mnene mfupi, mrefu hautapita. Afu usiusahau upinde kwenye gari juani, kwa joto la Dar gundi ya limbu inaachia, na hii chumvi ya hewani inakula bolti, tone la mafuta ya cherehani kila mwezi.

Dogo andika: mita 10 mishono tisa, 18 mishono saba, 30 mitatu. Ya 50 acha wazi, kwa pauni 23 hata bila kushuka itabidi alenge juu ya shabaha, tutaijaza akibadilisha limbu. Na umeme ndo huo umekatika, kamera ina asilimia nne.