Indiketa za Gari la Zamani: Usikimbilie Kununua Flasha

Jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni kidogo msikie vizuri. Leo ni indiketa tu, na naanza na kitu kinachoniuma kweli: gari la zamani likigoma kukonyeza mtu anakimbilia dukani kununua flasha, kile kifaa kinachozifanya taa zikonyeze, anachomeka, shida iko palepale, halafu anasema hii flasha mpya ni feki. Mara nyingi hata ile ya kwanza ilikuwa nzima.

Ile flasha ya zamani, kile kikopo kinacholia tik tik, ndani ina kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, umeme ukipita kinapata joto kinapinda kinakata umeme, kikipoa kinarudi, basi, hakuna kingine humo. Kwa hiyo inategemea umeme unaovutwa na balbu. Balbu mbili za wati 21 kwenye volti 12 zinavuta kama ampea 3.5 na flasha imepangwa kwa kiwango hicho, sasa moja ikiungua au kutu ikabana umeme, flasha nyingine zinabaki zimewaka tu bila kukonyeza, nyingine zinakonyeza haraka haraka. Hapo flasha haijafa, inawaambia kuna shida huko kwenye taa.

Na angalieni hili: kushoto inafanya kazi, kulia haifanyi. Flasha si ni moja kwa pande zote? Basi iacheni, nendeni kwenye balbu, holda yaani kishikio cha balbu, na ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri, za upande ule.

Ethi! Hapa ndipo nataka tukae. Taa zinarudisha umeme kupitia bodi, na bodi ya miaka mingi ina kutu, au mbaya zaidi imepigwa rangi mpya nzuri mpaka pale holda inapokaa, na rangi haipitishi umeme, ndio maana gari linatoka kupigwa rangi linang'aa lakini indiketa hazieleweki. Dalili yake ukiwasha indiketa taa ya nyuma ya parking nayo inachezacheza, umeme umekosa njia ya kurudi unapitia waya wa balbu nyingine. Fungeni waya wa muda kutoka kwenye holda mpaka ile nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, kwa gari nyingi ni negativu, taa ikiamka mmeshapata jibu, pigeni msasa pale mpaka chuma kiwe cheupe, kazeni bolti. Gari za volti 6 ndio msizionee huruma kabisa kwenye usafi, zenyewe hazina volti ya kupoteza.

Pande zote kimya? Fyuzi kwanza, na msiitazame tu kwa macho, itoeni msugue na vishikio vyake. Kisha ungeni waya mfupi kati ya ile terminali ya flasha inayoleta umeme na ile inayopeleka kwenye taa, wekeni swichi upande mmoja. Taa zikiwaka moja kwa moja sawasawa, haya, sasa kanunueni flasha. Zisipowaka, shida iko kwenye swichi ya usukani au waya. Na kama gari lina hazadi, zile taa za dharura zinazokonyeza pande zote pamoja, kwenye nyingi umeme wa indiketa unapitia swichi ile ya hazadi ambayo haiguswi miezi, ibonyezeni ndani nje mara kadhaa, wengine wanaponea hapo hapo bila kufungua kitu.

Kuna mtu kaniuliza hapa kuhusu balbu za LED. Zinavuta umeme kidogo sana kwa hiyo kipande kile hakipati joto, inabidi flasha ya elektroniki, sawa, lakini baadhi ya gari za zamani za Uingereza zina positivu ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na flasha ya elektroniki iliyotengenezwa kwa negativu kwenye bodi mkiichomeka pale mnaweza kuiua papo hapo. Tazameni kwanza betri imefungwa vipi. Na kama kwenye dashi kuna taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili, umeme unaweza kupenya hapo ukaenda upande wa pili, LED zinaridhika na kidogo, mnakuta taa zote nne zinakonyeza pamoja. Hapo taa ile ya dashi ipewe njia yake na dayodi mbili, vile vipande vinavyopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu, moja kwa kila upande, na mguu wa pili wa taa hiyo uende kwenye ethi.