Machungwa ya Vasco da Gama na Kura ya Chanjo

Mabibi na mabwana, kila ninapoalikwa hapa Malindi kuzungumzia majaribio ya dawa na chanjo yanayoandaliwa na vyuo vikuu, huulizwa swali lile lile: kwa nini watoto wagawanywe kwa kura ya bahati, huyu apate chanjo mpya na yule akose? Nitalijibu tena, ila leo mnivumilie nianzie baharini.

Mnara wa Vasco da Gama, yule baharia Mreno, mnaujua, sina haja ya kuueleza. Wasilolisema wanaotembeza watalii ni kwamba mabaharia wake waliandamwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, fizi zikiwavimba hadi kufunika meno. Aprili 1498 walitia nanga Mombasa, wakaletewa machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wakapona. Mwandishi wa shajara ya safari hiyo alimshukuru Mungu, kisha akaisifu hewa ya Mombasa. Machungwa hakuyahesabu kuwa dawa. Januari 1499 wakarejea kutoka Bara Hindi wakiwa hoi, wakafika hapa kwetu, wakaagizia wagonjwa machungwa, lakini mara hii wengi walikufa, na shajara ile ile ikailaumu hewa ya Malindi. Jamani, hewa yetu ilikosa nini? Mtu aliyeyashuhudia yote kwa macho yake alishindwa kutenganisha chungwa na hewa, kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Ilipofika 1747, James Lind, tabibu wa meli ya Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawaweka mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili: hawa wakanywa siki, wale maji ya bahari, wengine wakapewa machungwa mawili na limau moja kwa siku. Waliokula matunda walipata nafuu upesi, na mmoja wao alifaa kurudi kazini baada ya siku 6. Hewa ilikuwa moja; kilichotofautiana ni walichopewa.

Najua yupo atakayesema kwamba Lind hakupiga kura. Ni kweli, aliwagawa mwenyewe, na hapo ndipo kura inapomzidi, kwa sababu daktari mwenye huruma huweza kumpa dawa mpya yule anayemsikitikia zaidi, bila hata kujitambua, na ulinganisho ukaharibika.

Chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya, na kwa Kenya ilikuwa ni hapa hapa Kilifi. Kati ya kila watoto watatu, wawili walichanjwa R21 na mmoja alichanjwa kinga ya kichaa cha mbwa. Nani alinyimwa? Siku ya kura hakuna aliyejua mwenye bahati ni yupi. Hesabu ndiyo iliyoonyesha baadaye kwamba katika maeneo yenye malaria mwaka mzima, visa vilipungua kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Wanaosema «sisi si panya» siwacheki. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifichwa ugonjwa wao na kunyimwa penisilini, dawa ya kuutibu. Wale hawakuulizwa, wala hawakuambiwa. Kwa hiyo watafiti wajao wakibisha hodi, karatasi ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, Kiswahili au Kigiriama, uende nayo nyumbani ushauriane na wenzako, na ujue kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Asiyeweza kukwambia nani atagharimia matibabu yako ukidhurika, mrudishie kalamu yake.

Awamu za majaribio nilikusudia kuzifafanua, lakini muda umenitupa mkono; kwa ufupi, ya kwanza hutazama usalama kwa watu wachache, ya pili kipimo kinachofaa, ya tatu hufikia maelfu. Habari ya damu ambayo watafiti huwachukua washiriki ili kuipima, na uvumi wake, naiacha kwa maswali, maana najua mtaniuliza.